Iliki Katika Bustani ya Nyumbani: Inapozaa na Isipozaa

Iliki iko karibu katika kila jiko la Pwani. Hutiwa kwenye chai, mahamri, pilau na kahawa chungu. Kwa uzito wake ni miongoni mwa viungo ghali zaidi duniani; zafarani na vanila ndivyo vinavyotajwa mbele yake. Ndiyo sababu dukani huuzwa kwa vipakiti vidogo, na ndiyo sababu mtu anayepita na mche akisema ni wa iliki hakosi mnunuzi.

Mmea huu unaweza kumea katika sehemu nyingi za Kaunti ya Taita Taveta, hata kwenye ndoo barazani. Lakini kumea si kuzaa. Shina la iliki laweza kukaa miaka mitano likitoa majani mabichi ya kupendeza bila tunda hata moja, kwa sababu limepandwa mahali pasipolingana nalo, au kwa sababu si iliki kamwe. Makala haya yanaeleza iliki inataka nini, ni sehemu zipi za kaunti zinazoifaa, jinsi ya kutambua mche wa kweli, na ni mimea gani mingine ya viungo inayoweza kuchukua nafasi yake pale isipofaa.

MMEA WA KIVULI

Iliki ni ya jamii moja na tangawizi na manjano. Asili yake ni misitu ya milima ya kusini mwa India, upande wa magharibi unaoelekea bahari, ambako mvua ni nyingi na ukungu hukaa juu ya miti. Huko hukua chini ya miti mirefu. Haikuzoea jua kali, upepo mkavu wala udongo unaokauka.

Chini ya ardhi kuna tunguu, yaani shina nene linalotambaa kama la tangawizi. Kutoka kwenye tunguu huchipuka mashina marefu yenye majani, ambayo hufikia mita 2 hadi 4. Maua hayatoki juu ya mashina hayo. Hutoka chini kabisa, kwenye shingo ya mmea, kwa matawi membamba yanayotambaa juu ya ardhi au kuinuka kidogo. Ua ni jeupe, lenye mistari ya zambarau katikati. Matunda hukaa kwenye matawi hayo hayo, karibu na udongo, na ndani ya kila tunda mna mbegu nyeusi zenye harufu.

Kwa kawaida iliki hustawi kati ya mita 600 na 1,500 juu ya usawa wa bahari, penye mvua ya milimita 1,500 au zaidi kwa mwaka iliyosambaa miezi mingi. Kivuli kinachofaa ni cha kiasi: karibu nusu ya mwanga wa jua ipite. Penye jua tupu majani huungua na kuwa ya njano. Penye giza mmea hurefuka bila maua.

MILIMANI NA NYANDA ZA CHINI

Kaunti hii ina hali za hewa zinazotofautiana sana katika mwendo wa saa moja ya matatu. Voi iko karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake ni takriban milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Wundanyi iko juu ya mita 1,300. Kilele cha Vuria hufikia mita 2,208, na huko juu ukungu unaoletwa na upepo wa baharini huongeza unyevu hata katika miezi isiyo na mvua.

Kwa hiyo mahali pa kwanza pa kufikiria iliki ni miteremko ya Milima ya Taita, kati ya takriban mita 1,000 na 1,500, na hasa mabonde yaliyokingwa na upepo, karibu na mifereji au chemchemi. Juu zaidi ya hapo baridi hupunguza ukuaji na maua. Katika nyanda za Voi, Mwatate ya chini na kandokando ya Tsavo, hewa ni kavu na joto ni kali. Iliki ikipandwa huko itahitaji maji karibu kila siku na bado haitazaa vizuri. Taveta ina joto pia, lakini palipo na maji ya chemchemi na migomba mingi, shina moja au mawili ya majaribio yanaweza kuwekwa kivulini, bila kutegemea mavuno makubwa.

Jirani wa kulinganisha naye si wa mbali. Milima ya Taita ni mwisho wa kaskazini wa safu ya milima ya kale iitwayo Tao la Mashariki, ambayo huendelea Tanzania kupitia Pare na Usambara. Katika Usambara Mashariki, wilayani Muheza, iliki imelimwa kwa miaka mingi. Amani, iliyo huko, iko karibu mita 900 na hupata mvua ya takriban milimita 1,900 kwa mwaka. Milima ya Taita haipati mvua kiasi hicho. Ukubwa wa pengo hilo ndio ukubwa wa kazi ya mkulima wa huku: lazima azibe upungufu kwa kumwagilia, kwa matandazo na kwa kivuli. Asiye na maji ya uhakika Januari na Februari, na tena kuanzia Juni hadi Septemba, afadhali achague mmea mwingine.

MCHE WA KWELI NA MCHE USIO WA KWELI

Hasara kubwa zaidi katika iliki ya nyumbani huanzia siku ya kununua mche. Kuna mmea wa mapambo wa jamii hiyo hiyo ya tangawizi, ambao wataalamu huuita Alpinia, unaofanana sana na iliki changa. Hupandwa mbele ya nyumba na hotelini, huota kwa urahisi, na mara nyingi huuzwa kwa jina la iliki, wakati mwingine na muuzaji ambaye naye anaamini hivyo. Hautoi iliki. Aliyeununua huweza kungoja miaka mitatu au minne kabla ya kujua.

Kuna dalili tatu za kuutofautisha. Ya kwanza ni harufu ya jani. Jani la Alpinia inayouzwa kama iliki likifikichwa hutoa harufu nzito inayokaribia ya mdalasini. Jani la iliki ya kweli huwa na harufu hafifu tu. Wanunuzi wengi hudanganyika hapa, kwa kuwa hudhani jani lenye harufu kali ndilo la kweli. Dalili ya pili ni urefu. Aina hiyo ya mapambo kwa kawaida husimama karibu na urefu wa mita moja, wakati iliki iliyokomaa humzidi mtu kimo. Dalili ya tatu, iliyo ya hakika zaidi, ni mahali pa maua. Alpinia hutoa maua kwenye ncha ya juu ya shina. Iliki hutoa maua chini, kwenye ardhi.

Kwa hiyo mnunuzi asitosheke na mche. Aombe kuonyeshwa mmea mama, na atazame chini yake kama kuna matawi ya maua au mabaki ya matunda. Muuzaji asiyeweza kuuonyesha anauza bahati nasibu.

Iliki ya dukani nayo haifai kwa mbegu. Mbegu za iliki hupoteza uhai upesi zikikauka, na zile za pakiti zimekaushwa kwa moto au kwa muda mrefu, hivyo mara nyingi haziamki. Mbegu inayofaa ni ile iliyotolewa kwenye tunda bichi lililoiva, ikaoshwa utelezi wake na kupandwa ndani ya siku chache. Hufunikwa kwa udongo mwepesi usiozidi sentimita moja, kivulini, na kitalu huhifadhiwa na unyevu. Kuchipua huchukua mwezi mmoja au zaidi, na si zote zitakazotoka kwa pamoja. Mmea wa mbegu huanza kuzaa katika mwaka wa tatu. Njia ya haraka ni kugawa tunguu la mmea unaozaa: kipande chenye shina moja lililokomaa na chipukizi moja huweza kuzaa katika mwaka wa pili, na huwa na sifa zile zile za mama yake.

MAGONJWA YASIVUKE MPAKA

Kwa kuwa iliki hulimwa ng'ambo ya mpaka, kuna kishawishi cha kubeba matunguu kwenye mfuko kutoka Tanga hadi Taveta. Jambo hilo lina hatari mbili.

Ya kwanza ni ya kisheria. Chini ya Sheria ya Kulinda Mimea (Sura ya 324), mmea, mche au tunguu lolote linaloingizwa nchini kwa ajili ya kupandwa huhitaji kibali cha Shirika la KEPHIS, ambacho hupatikana kabla ya mmea kusafirishwa, pamoja na cheti cha afya ya mmea kutoka nchi unakotoka. Bila hati hizo, mmea huweza kuzuiwa na kuharibiwa mpakani.

Ya pili ni ya shamba lenyewe. Iliki ina ugonjwa wa virusi unaojulikana sana India kwa jina la katte. Majani hupata michirizi ya kijani kibichi na kijani hafifu, mmea hudumaa, na mavuno hupungua mwaka hadi mwaka hadi yanapoisha. Hauna dawa, mmea ulioambukizwa hung'olewa na kuchomwa. Virusi hivyo havisambai kwa mbegu. Husambaa kwa matunguu yaliyoambukizwa, na kwa vidukari ambao ni wa jamii moja na wale wanaokaa kwenye migomba. Kwa kaunti yenye migomba mingi kama Taveta, vidukari hao si wageni. Njia ya kujikinga ni kutoleta tunguu lisilojulikana, na kuotesha mbegu mahali panapowezekana.

Mkazi anayetaka miche na hajui aipate wapi afike kwa afisa wa kilimo wa wadi yake kabla ya kutoa pesa. Ofisi hiyo pia ndiyo ya kupelekewa habari za mmea wenye dalili za ajabu.

KUPANDA NA KUTUNZA

Wakati mzuri wa kupanda ni mwanzo wa mvua ya masika, Machi au Aprili, ili mizizi ishike kabla ya kiangazi. Mvua ya vuli, kuanzia Oktoba, hufaa pia mahali penye maji ya kumwagilia Januari.

Shimo huchimbwa upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 30 hadi 40. Udongo wa juu huchanganywa na debe moja la samadi iliyooza vizuri au mboji, kisha shimo hujazwa. Mche hupandwa juujuu. Tunguu likizikwa sana huoza. Kati ya shina na shina huachwa mita 2, kwa kuwa kila moja litapanuka na kuwa kichaka. Palipo na maji yanayotuama, chimba mtaro kwanza au inua tuta. Iliki hupenda unyevu, lakini haivumilii kusimama majini.

Kivuli cha kudumu hutokana na miti iliyopo tayari: mparachichi, mmakadamia, mgrevilea uliopunguzwa matawi, au mwembe ulio mwepesi. Migomba hutoa kivuli cha haraka, ila isiwe karibu sana kwa sababu ya vidukari na kwa sababu hushindania maji. Chini ya mkaratusi hapafai kabisa, kwani mti huo hunywa maji mengi. Pasipo mti, neti ya kivuli juu ya vigingi vinne hutosha kwa mashina matatu.

Mizizi ya iliki hukaa karibu na uso wa ardhi. Kwa hiyo jembe lisipite karibu na shina. Magugu hung'olewa kwa mkono. Kazi kubwa hufanywa na matandazo: majani makavu, nyasi zisizo na mbegu au maganda ya migomba, unene wa kiganja cha mkono, yasiyogusa shina lenyewe. Matandazo hutunza unyevu, hupoza udongo, na yakioza huwa mbolea. Wakati wa kiangazi kila shina hupewa ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki. Maji yaliyosukia vyombo yasiyo na sabuni nyingi yanaweza kutumika. Samadi huongezwa kila mwanzo wa mvua.

Mashina yaliyokwisha kuzaa na kukauka hukatwa karibu na ardhi, ili hewa ipite na machipukizi mapya yapate nafasi. Mmea ukitunzwa hivyo huzaa kwa miaka 10 au zaidi, na matunguu yake hugawanywa kwa majirani.

Kwa anayekaa nyumba ya kupanga, iliki huweza kupandwa kwenye ndoo kubwa au gunia lenye matundu ya kutoa maji, barazani penye kivuli. Itampa majani mazuri, ambayo watu wengine hufungia samaki au wali wa kuoka ili yatie harufu. Matunda ndani ya chombo ni nadra, na anayepanda kwa njia hiyo ajue hivyo tangu mwanzo.

NYUKI, MAVUNO NA KUKAUSHA

Ua la iliki hufunguka siku moja tu. Katika siku hiyo lazima nyuki afike kulichavusha. Bila nyuki maua huanguka na tawi hubaki tupu. Ndiyo sababu dawa ya wadudu isipulizwe asubuhi wakati wa maua, na ndiyo sababu mzinga mmoja karibu na bustani huongeza mavuno. Kaunti hii inawajua nyuki kwa kazi nyingine pia: huko Sagalla, mizinga iliyofungwa kwenye nyaya kuzunguka mashamba imetumika kuwazuia tembo.

Matunda huchukua takriban miezi mitatu hadi minne tangu ua hadi kukomaa, na hayakomai kwa pamoja. Mkulima hupita kila baada ya wiki mbili au tatu na kuchuma yaliyojaa huku yakiwa bado ya kijani, ambayo mbegu zake zimekuwa nyeusi. Yakiachwa yaive kabisa hupasuka yakikaushwa na kupoteza harufu. Hukatwa kwa mkasi au kwa ukucha, bila kuvuta tawi, maana tawi moja litazaa tena. Panya hupenda matunda haya kwa kuwa yako chini. Tawi linaloweza kuinuliwa kwa kijiti na liinuliwe.

Kukausha ndiko kunakotofautisha iliki nzuri na iliki ya kawaida. Jua kali hupausha rangi ya kijani. Njia bora ya nyumbani ni kutandaza matunda kwenye wavu ulioinuliwa, kivulini penye hewa ya joto inayopita, au kwenye kikaushio cha jua kilichofunikwa kitambaa cheusi, na kuyageuza mara kwa mara. Wenye vikaushio vya moto huweka joto la karibu nyuzi 45 hadi 50. Iliki iliyokauka vizuri hutoa sauti ikitikiswa. Kilo 4 hadi 5 za matunda mabichi hutoa kilo moja ya kavu. Huhifadhiwa kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana, mbali na mwanga, na husagwa wakati wa kutumika tu.

Shina lililokomaa na kutunzwa vizuri huweza kutoa takriban gramu 100 hadi 200 za iliki kavu kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, mashina matatu hutosheleza familia na kubakiza kidogo cha kuuza au kuzawadia. Hilo ndilo lengo linalofaa kuanza nalo. Bei ya iliki hupanda na kushuka kwa kufuata mavuno ya Guatemala na India, wazalishaji wakubwa duniani, na mkulima anayeng'oa mboga zake zote ili apande iliki amejitia katika soko asilolidhibiti.

MSITU SI SHAMBA LA ILIKI

Kwa kuwa iliki hupenda kivuli na unyevu, mahali panapoifaa zaidi huonekana kuwa ndani ya msitu. Usambara Mashariki imepitia njia hiyo. Wakulima walifyeka miche na vichaka vilivyo chini ya miti mikubwa na kupanda iliki, huku miti yenyewe ikibaki imesimama. Kwa macho msitu ulionekana upo. Lakini miti michanga ilikuwa ikikatwa kila palilio, hivyo mti mkubwa ulipoanguka hapakuwa na wa kuurithi. Baada ya miaka kadhaa udongo ulichoka, mavuno yakashuka, na watu wakasogea kwenye kipande kingine.

Milima ya Taita haina msitu wa kupoteza kwa namna hiyo. Msitu wa asili uliobaki ni vipande vidogo: Ngangao, Chawia, Mbololo, Vuria na vingine vichache. Ndani yake wamo ndege wasiopatikana mahali pengine duniani, na huko Mbololo huota aina ya pekee ya lile ua dogo la zambarau ambalo ndugu zake hupandwa kwenye vyungu madirishani katika nchi za baridi. Zaidi ya yote, vipande hivyo hunasa ukungu na kulisha chemchemi. Mfereji unaomwagilia iliki nyumbani huanzia kwenye msitu huo. Anayefyeka msitu ili apate shamba la iliki anakata maji ya iliki yake mwenyewe.

Kulima ndani ya msitu wa umma bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016. Mkulima aliye jirani na msitu apande iliki chini ya miti aliyoipanda mwenyewe. Miaka michache ya kukuza kivuli si mingi kwa mmea utakaozaa miaka 10.

PALE ILIKI ISIPOFAA

Kuikosa iliki si kukosa viungo. Kila sehemu ya kaunti ina mmea wake.

Tangawizi na manjano hustawi kuanzia milimani hadi Taveta palipo na maji. Huvunwa baada ya miezi minane hadi kumi, hukubali kivuli kidogo, na humfundisha mkulima tabia za jamii ya iliki kwa gharama ndogo. Anayeshindwa kutunza manjano asikimbilie iliki.

Pilipili manga ni mmea unaotambaa juu ya mti. Hupenda joto na unyevu, hivyo hufaa miteremko ya chini na Taveta penye maji. Kipande cha shina chenye vifundo vitatu au vinne hupandwa chini ya mfenesi, mwembe au mti mwingine wenye gamba la kushikika. Huanza kuzaa baada ya miaka mitatu. Huchumwa punje moja au mbili za shada zinapogeuka nyekundu, kisha huanikwa juani hadi ziwe nyeusi.

Vanila pia hupanda juu ya mti, na asili yake ni Mexico. Nje ya kwao haina mdudu wa kuichavusha, kwa hiyo kila ua huchavushwa kwa mkono. Njia inayotumika hadi leo iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, mtoto mtumwa mwenye umri wa miaka 12: kwa kijiti chembamba huinuliwa kile kiwambo kidogo kinachotenga sehemu ya kiume na ya kike ya ua, na zikabanwa pamoja kwa kidole. Ua hufunguka asubuhi moja, na ifikapo mchana limefunga. Mapodo huchukua miezi minane au tisa kuiva, kisha hukaushwa taratibu kwa miezi mingine. Ni kazi ya mwenye subira aliye nyumbani kila asubuhi ya msimu wa maua. Utomvu wake huwasha ngozi, hivyo ni vyema kuvaa glavu.

Mdalasini ni mti unaovumilia zaidi. Hukatwa karibu na ardhi baada ya miaka miwili au mitatu ili utoe machipukizi mengi, na gamba hubanduliwa wakati wa mvua linapoachia kwa urahisi. Lakini ndege hula matunda yake na kusambaza mbegu. Huko Ushelisheli umevamia misitu ya asili. Usipandwe karibu na msitu.

Kwa Voi, Mwatate ya chini na maeneo kame, rosela ni chaguo bora. Wengine huiita choya. Hupandwa kwa mbegu mvua inapoanza, na baada ya miezi minne au mitano hutoa vikombe vyekundu vya maua, ambavyo hukaushwa na kupikwa kama chai au kinywaji baridi. Mchaichai nao, ukishashika, huvumilia ukame na hushikilia udongo kwenye matuta. Pilipili kali hufaa huko huko, na tembo hawaipendi kama wanavyopenda ndizi na mahindi.

KABLA YA MASIKA

Anayekusudia kujaribu iliki msimu ujao ana kazi nne za kumaliza kabla ya mvua: kuchagua pembe ya bustani yenye kivuli cha nusu na isiyo na upepo, kuhakikisha maji ya kiangazi, kuozesha samadi, na kuona kwa macho yake mmea mama unaozaa. Lililo gumu kuliko yote ni la mwisho, na ndilo lisiloweza kurekebishwa baadaye. Kivuli huongezwa, maji huchotwa, samadi hununuliwa. Mche usio wa iliki haugeuki kuwa iliki hata ukimwagiliwa miaka kumi.